Kisanduku cha Nakubali

Tumsifu alitaka ukurasa uwe na kila kitu:
picha yake na gitaa, moshi wa jukwaani,
na chini yake visanduku kumi na kimoja,
jina, namba, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa,
mtaa, kazi, mtandao wa simu, dini.
Dini, Tumsifu?
Wimbo uupendao. Huwa unalia mara ngapi.
Hicho cha mwisho alitania. Nadhani.

Nilikaa juu ya duka la spea, hapa Moshi mjini,
Julai, baridi ikipita chini ya mlango kama mdai,
harufu ya kahawa ya kiwandani imeulalia mji,
nikaviondoa kimoja kimoja
kama anayemenya ndizi za mtori:
maganda yarundikana, sufuria bado.

Mgeni hahojiwi mlangoni, nilimwambia.
Unamuuliza jina. Unampa kiti.
Mengine atayasema mwenyewe akishashiba.

Vikabaki viwili, jina na namba,
na kile kidogo cha kuweka tiki:
Nakubali kupokea habari za Tumsifu.
Kisha kitufe. Niliandika Wasilisha,
nikafuta, kilinuka ofisi ya kata.
Nikaandika Tuma, kikawa kama kumwagiza mtoto dukani.
Saa tano usiku nikaandika Niite.
Umeme ukakatika palepale.
Nikangoja gizani, nisijue kama neno limehifadhiwa.

Wa kwanza kuingia nilikuwa mimi.
Wa pili mimi tena, kwa namba ya uongo, nikijaribu.
Wa tatu alikuwa mtu.
Siwezi kuieleza tofauti ile. Safu ileile,
herufi zilezile za mashine,
lakini nilijikuta nimeketi vizuri.

Wakaja wa Pasua, wa Njoro, wa Kiboriloni.
Mmoja aliandika jina kwa herufi kubwa tupu
kama anayeita kutoka ng'ambo ya korongo.
Mmoja alijiita Fundi Cherehani Stendi, basi.
Na Ndeonansia wa Rau
aliyejaza maneno penye nafasi ya namba,
mfumo ukamkataa mara tatu,
mara ya nne akaja na namba kamili,
na mbele ya jina lake akaongeza:
simu ni ya jirani mama Haikaeli msipige usiku.

Mwezi wa tatu walikuwa elfu moja mia nne na sita.
Ndipo akaja mtu wa mikopo ya simu,
shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni,
akataja bei kwa kila kichwa.
Kichwa, alisema, kama tuko mnadani Weruweru.

Tumsifu alinitazama.
Gitaa lake lilikuwa rehani. Nilijua kwa nani,
nilijua kwa shilingi ngapi,
na kwamba tarehe ilikuwa Ijumaa.
"Si waliweka tiki," alisema.
Hakuniambia mimi. Aliiambia meza.

Nikafungua orodha, nikashuka nayo hadi Rau.
Sikuhubiri.
Nilimsomea mstari mmoja tu,
ule wa jirani, ule wa usiku.

Akanyamaza kiasi cha bodaboda kupita na kuishia.
Kisha akachukua simu yake mwenyewe,
akabonyeza ile namba, ilikuwa saa nane mchana,
akasema, "Shikamoo mama Haikaeli.
Samahani kwa usumbufu. Ndeonansia yupo?"

Tukasikia kandambili zikivuka uwanja,
mbuzi, bati la mlango,
jina likipokewa ua hadi ua,
kila sauti ikilirefusha kidogo.

Mtu wa mikopo alikuwa ameshasimama.
Akaanza kukusanya karatasi zake, moja, moja,
taratibu mno kwa karatasi tatu,
ili naye asikie kama ataitika.